Kasuku wa marehemu baba anajinyonyoa manyoya, na mdomo wake umeanza kung'aa

Daktari, assalaam aleikum.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wafugaji wa kuku na mbuzi, nami leo nakuletea habari ya kasuku. Tafadhali usiione ndogo, maana kwetu huyu si ndege wa pambo.

Baba yetu alifariki miezi 7 iliyopita. Alituachia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tunamwita Sultani. Alipewa na rafiki yake baharia aliyekuwa akihama mwaka 2004, akiwa bado kinda, na tangu hapo hawakuachana. Asubuhi baba akinywa kahawa barazani, Sultani yuko pembeni yake. Jioni baba akirudi kutoka msikitini, Sultani hupiga hodi kabla mlango haujafunguliwa. Hadi leo anapiga hodi kwa sauti ya baba, na kukohoa kwake kulekule. Mama akisikia hukaa chini.

Baada ya arobaini mama alituomba tumwondoe barazani. Tukamweka kwenye ujia unaokwenda jikoni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi ya tundu. Sasa ni mwezi wa tatu anajinyonyoa. Alianza kifuani, akaja mapajani, na sasa ubavuni chini ya mbawa. Kila asubuhi nafagia manyoya kama niliyechinja kuku. Kichwa na shingo havijaguswa. Jirani akaniambia ngozi imekauka, nimpake mafuta ya nazi, nikawa nampaka kila baada ya siku mbili, mwilini na mdomoni. Moyo ukatulia kidogo, kwa sababu mdomo wake uliokuwa umefifia kama umepakwa jivu umekuwa mweusi wa kung'aa. Lakini unabanduka vijiganda vyembamba juu yake, kama kucha inayochanika. Shemeji yangu anasema umerefuka, na anataka kuupunguza kwa tupa.

Nikimpa mkono apande, hutanguliza mdomo kunishika kidole, nami huuvuta mkono kwa hofu. Mara 2 ameniuma kweli, damu ikatoka. Mara ya pili nilimpiga kikofi mdomoni, kisha nikalia. Kwa mdogo wangu wa kiume hana neno, anapanda begani. Huyu humpapasa mgongo mpaka mkiani, na hapo Sultani huinua na kuinamisha kichwa, akamtapikia chakula kiganjani. Usiku taa zikizimwa tunasikia mdomo ukisaga, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mama anasema ni uchungu wa msiba.

Anakula alizeti na karanga alivyozoea, na wali siku tukipika wali. Hatujawahi kuwa na kasuku mwingine. Je, ni ugonjwa, ni huzuni, au ni mimi nimeshindwa kuilinda amana ya baba?

Binti wa Kibokoni, Mombasa

*

Waaleikum salaam, binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Kabla ya lolote, acha mafuta ya nazi leo hii. Jirani alitaka heri, na kwa nywele za binadamu angekuwa na haki. Unyoya una nyuzi ndogo mno zinazoshikana kwa kulabu, na unapomwona Sultani akipitisha unyoya mmoja mmoja mdomoni, kutoka shinani hadi nchani, anazirudisha nyuzi zile mahali pake. Mafuta yakiingia, kulabu hazishiki tena, vumbi linanata, naye huzidi kuchokonoa ili ayatoe. Juu ya shina la mkia ana tezi ndogo yenye mafuta yake mwenyewe, hahitaji ya chupa. Mpe maji matupu. Tafuta chupa mpya ya kunyunyizia, isiwe iliyowahi kuwekwa sabuni wala dawa, urushe maji juu yake yamwangukie kama manyunyu ya mvua, mara 3 au 4 kwa wiki, asubuhi ili akauke kabla ya jua kuzama. Kama mafuta yameshagandisha manyoya, usijaribu sabuni ya kufulia. Mwachie daktari amwoshe.

Sasa mdomo unaong'aa. Hapo ulipotulia moyo ndipo mimi nilipoingiwa na wasiwasi.

Kasuku wa kijivu hujipaka unga. Chini ya manyoya ya nje ana manyoya laini ambayo ncha zake husagika daima zikawa vumbi jeupe. Bila shaka mlikuwa mkilifuta juu ya meza ya baba kila siku. Akijichana, unga ule huenea mwili mzima, na mdomo ambao kwa asili ni mweusi huonekana wa kijivu. Kwa hiyo ule uliouona umefifia kama umepakwa jivu ndio uliokuwa mdomo wa ndege mzima. Ukibaki mweusi wa kung'aa siku baada ya siku, wakati hajaoga, maana yake unga umepungua. Sababu mojawapo ni virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya ya ndege wa jamii ya kasuku, navyo havina dawa ya kuviua.

Usishtuke kabla ya wakati. Virusi hivyo mara nyingi huonekana kwa makinda na ndege wa miaka michache, na Sultani ana zaidi ya miaka 20 bila kukaa na mwenzake. Halafu wewe ulimpaka mafuta mdomoni, na yenyewe yanang'aa. Tena manyoya yanayotoa unga yapo kwa wingi ubavuni na kiunoni, jirani na pale pale anaponyonyoa, hivyo huenda ameupunguza unga kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa macho peke yake siwezi kuvitenganisha vitu hivi vitatu, wala daktari yeyote hawezi. Mpeleke wiki hii kwa daktari wa mifugo mwenye mazoea na ndege, umwombe achukue damu kwa ajili ya kipimo cha virusi hivyo, na pia aangalie ini, figo, kalsiamu na madini ya zinki. Zinki naitaja kwa sababu ya matundu ya waya wa mabati. Mengi huchubuka, na ndege anayekwea kwa mdomo humeza vipande vyake.

Lipo jambo uliloandika kwa kupita tu, nalo limenisaidia kuliko yote: kichwa na shingo havijaguswa. Mdomo wa ndege haufiki kichwani kwake mwenyewe. Ugonjwa unaoangusha manyoya haujui mpaka huo, hupita na kichwani pia. Mwili ukiwa mtupu na kichwa kimejaa manyoya, anayenyonyoa ni yeye. Hilo halimaanishi kwamba ni mzima, kwa sababu ndege hujinyonyoa pia akiwashwa au akiumwa ndani. Linamaanisha kwamba tutafute kinachomsukuma, na katika barua yako nimeona vitu kadhaa.

Cha kwanza ni ujia wa jikoni. Mapafu ya ndege hayana uvumilivu wa moshi. Mkaa, mafuta yanayoungua, dawa ya mbu ya kuwasha au ya kupuliza, vyote humwathiri haraka kuliko sisi. Sufuria na kikaango chenye utando usioshika chakula, kikiachwa motoni mpaka kipitilize joto, hutoa hewa inayoweza kumuua ndege kwa dakika chache, na ninyi mkawa hamjasikia hata harufu. Na kwa kuwa mko Kibokoni lazima niseme: udi na ubani pia. Najua Alhamisi jioni nyumba haikai bila chetezo. Fukizeni, lakini Sultani awe chumba kingine, mlango umefungwa na dirisha liko wazi, mpaka moshi umalizike.

Ujia pia haulali. Yeye anahitaji giza na kimya kwa muda wa saa 10 hadi 12. Akifunikwa saa 1 usiku asiguswe mpaka alfajiri, utaona tofauti ya tabia peke yake ndani ya wiki mbili.

Cha pili ni upweke, na hapa mama hakukosea sana. Hawa ni ndege wa makundi. Katika misitu ya Kongo hulala pamoja mamia kwa mamia juu ya miti mirefu, na mchana huitana bila kukoma ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Kwa Sultani, kundi lilikuwa mzee. Ile hodi ilikuwa ni kumwita, na mzee akiitika. Kisha siku moja mwitikiaji hayupo, na wiki chache baadaye yeye mwenyewe anatolewa barazani, penye upepo na wapita njia, anawekwa mbele ya ukuta. Na akili ya ndege huyu si ndogo. Kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa Marekani na mwanasayansi Irene Pepperberg tangu 1977 mpaka alipokufa 2007, alikuwa akitaja rangi, maumbo, na idadi ya vitu hadi 6. Ukimpa kiumbe kama huyo bakuli la alizeti analolimaliza kwa dakika 10, na siku nzima imebaki, mdomo utatafuta kazi, na kilicho karibu ni kifua chake.

Basi mpe kazi. Hutanunua kitu. Chukua kumbi la nazi ufiche karanga 2 ndani yake, afumue nyuzi mpaka azifikie. Mpe gunzi la hindi, kifuu chenye tundu, karatasi nyeupe iliyosokotwa ikiwa na kipande cha papai ndani, na tawi bichi la mpera lenye magome yake, lililooshwa. Badilisha ufito wake wa mviringo ulionyooka uweke tawi hilo la unene usio sawa. Atalitafuna, atajipangusia mdomo baada ya kula, na atakwanguria vile vijiganda.

Vijiganda vyenyewe ni vya kawaida. Mdomo hukua maisha yake yote, kama kucha na kwato, na tabaka la juu hubanduka likichakaa. Kisichokuwa cha kawaida ni mdomo kurefuka upesi, kupinda upande, au kuwa laini. Huo huwa ni mlango wa kuona ini lililochoka au ukosefu wa vitamini A, na ndege aliyelishwa alizeti miaka yote anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo mwambie shemeji yako, kwa heshima zote, aiweke tupa yake. Ndani ya ganda lile kuna mfupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayofika karibu na ncha. Ukikata sentimita nusu mahali pasipo, atavuja damu na atapata maumivu ya kumzuia kula. Kama kweli umerefuka, daktari atausawazisha, na baada ya hapo atataka kujua kwa nini ulirefuka.

Chakula nakitaja kwa kirefu kidogo, kwani ndipo nimewahi kuona mabadiliko makubwa. Alizeti na karanga ni mafuta. Usiziondoe ghafla, maana kasuku anaweza kukaa na njaa kuliko kugusa asichokijua. Zipunguze wiki hadi wiki mpaka ziwe zawadi tu, huku ukimpa boga, karoti, viazi vitamu vya njano, papai, embe, sukuma wiki, na pilipili nyekundu. Ndege hasikii ukali wa pilipili, atakula hata mbichi na mbegu zake. Msituni hawa hula sana matunda ya mchikichi, kwa hiyo mawese mekundu, nusu kijiko cha chai mara 2 kwa wiki juu ya chakula, ni kitu anachokijua tangu mababu zake. Kasuku wa kijivu hupungukiwa kalsiamu kwa urahisi mpaka wengine hupata kifafa. Mfungie tunduni ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ukiwa umelowekwa na kuoshwa chumvi, na apate jua la asubuhi bila kioo katikati, nusu ya tundu ikiwa kivulini. Wali mweupe kidogo hauna shida. Mchuzi wenye chumvi na vitunguu, hapana. Kahawa ya barazani, hapana, hata kama mzee alikuwa akimwonjesha. Parachichi kabisa hapana, linaua.

Nirudi kwenye kidole chako. Kasuku hukwea kwa miguu miwili na mdomo, na mdomo hutangulia kama vile sisi tunavyopapasa ngazi gizani. Anapokushika kidole kabla ya kupanda, anauliza kama tawi hili linabeba. Wewe ukauvuta mkono, tawi likamtoroka, akajifunza kwamba mkono wako hauaminiki, na siku nyingine akalikaza kweli. Weka mkono imara, chini kidogo ya kifua chake, mwache auonje. Kuuma kwa hasira kuna dalili zake: manyoya ya kisogo husimama, mboni za macho hupanuka na kusinyaa upesi, mwili hukaza. Ukiona hivyo usimpe mkono, ngoja. Akikuuma usipige kelele wala usimpungie mkono. Mrudishe kwenye ufito taratibu, uondoke kwa dakika chache. Na kile kikofi kisirudiwe, kwa kuwa mdomo una hisia kali na yeye hasahau. Umekwisha lia kwa ajili yake, yatosha.

Mdogo wako naye nina ombi kwake. Kile ulichokiita kutapika, kichwa kikipanda na kushuka na chakula kikitoka taratibu kiganjani, ni namna ya ndege kumlisha mwenza wake. Anamchukua kijana kuwa mke au mume, kwa sababu mgongo, kiuno na chini ya mbawa huguswa na mwenza peke yake. Tamaa ile isiyo na mwisho huwatia wengi katika kujinyonyoa. Amkune kichwani na shingoni tu, basi. Hapo ndipo mdomo wake usipofika, na kwenye kundi mwenzake ndiye angemchania, hasa manyoya mapya yakitoka na ganda lao jeupe. Ganda likikauka unaweza kulifikicha kwa vidole. Likiwa bado lina wekundu ndani, lina damu, usiliguse. Kutapika kwa ugonjwa hakufanani na huko. Hutikisa kichwa huku na huku, chakula kinarukia ukutani na kumchafua usoni. Ukiona hivyo ni siku hiyohiyo kwa daktari.

Na mwambie mama kuhusu ile sauti ya usiku. Kasuku husaga mdomo anapokaribia usingizi akiwa ametulia na hana hofu. Ndege mwenye maumivu huvimbisha manyoya, hunyamaza, hufumba macho mchana. Mwanenu huyu, pamoja na yote, bado anapata dakika za amani kila usiku humo ndani mwenu.

Ningependa arudishwe barazani, hata kwa saa chache asubuhi, mama akiweza kulivumilia hilo. Asipoweza, sebuleni ambako watu hukaa.

Nunua au azima mzani wa jikoni. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Wengi wao huwa kati ya gramu 400 na 500, lakini muhimu ni uzito wake yeye. Ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, usingoje miadi. Manyoya yaliyong'olewa huchukua wiki na miezi kurudi, na kwa kuwa ni miezi 3 tu, nina matumaini kwamba mengi yatarudi.

Mwisho kuna la sheria, na sitaki likukute hujui. Ndege huyu analindwa. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwapandisha kasuku wa kijivu kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Kwa Kenya, kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Barua yako haikutaja karatasi yoyote. Tafuta picha za zamani za mzee akiwa naye, chukua maandishi ya daktari, uende ofisini kwao wewe mwenyewe ueleze alivyofika kwenu. Usimuuze, usimpe mtu, wala usimsafirishe nje ya nchi.

Akipiga hodi, mwitikieni. Si lazima iwe kwa sauti ya mzee, sema tu "karibu" kutoka chumba ulichopo, kila mara, na mama pia akipata nguvu. Uniandikie baada ya wiki tatu uzito wake wa kila siku, majibu ya damu, na kama ule unga umerudi mdomoni.